Unafanya Kazi Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wageni wa What's My Line? na Vipindi Ndugu Zake

Vipindi hivi vya zamani vya televisheni ya Marekani vinaendelea kupata watazamaji wapya, na kila anayeanza kuvitazama huuliza yale yale. Majibu nimeyapanga kuanzia mambo ya msingi. Kama jambo limeshaelezwa mahali pengine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. What's My Line? kilikuwa kipindi cha namna gani?

Kilikuwa mchezo wa kubashiri kazi ya mtu. Shirika la utangazaji la CBS lilikirusha kwa mara ya kwanza kutoka New York tarehe 2 Februari 1950, na kikadumu hadi tarehe 3 Septemba 1967. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kilikwenda hewani moja kwa moja, Jumapili saa nne na nusu usiku kwa saa za New York.

Mgeni anaingia, anaandika jina lake ubaoni kwa chaki, kisha anakaa karibu na mwendesha kipindi. Watu waliomo ukumbini na walio nyumbani wanaandikiwa kazi yake waisome. Wanajopo wanne hawaioni. Wao huambiwa tu kwamba mgeni analipwa mshahara au amejiajiri, na pengine kwamba kazi yake inahusu bidhaa au huduma. Baada ya hapo wanauliza kwa zamu, na kila swali liwe la kujibika kwa ndiyo au hapana. Ukipata ndiyo, unaendelea. Ukipata hapana, zamu inahamia kwa jirani yako na mwendesha kipindi anageuza kadi moja. Hapana zikifika kumi, mgeni ameshinda.

Sisi tuliokua tukitegewa vitendawili tunaelewa mara moja. Mtegaji anasema kitendawili, nyinyi mnasema tega, mkishindwa mnampa mji. Hapa kilichotegwa ni riziki ya mtu.

2. Mwendesha kipindi na wanajopo walikuwa akina nani?

Mwendesha kipindi kwa miaka yote hiyo alikuwa John Charles Daly, mwandishi wa habari aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1914. Yeye ndiye aliyewatangazia wasikilizaji wa redio ya CBS habari za shambulio la Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, na baadaye kifo cha Rais Roosevelt. Katika miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa habari wa shirika shindani, ABC, na Jumapili usiku anaendesha mchezo CBS. Alikuwa na adabu ya mtu wa mahakamani. Swali likiwa na utata, alikuwa akilifafanua kwa sentensi ndefu mpaka aliyeuliza anasahau alichouliza, lakini hakumwacha mgeni aseme uongo kwa kutokuelewa swali.

Jopo la miaka mizuri lilikuwa na Dorothy Kilgallen, mwandishi wa safu ya gazeti. Arlene Francis, mwigizaji. Na Bennett Cerf, mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya uchapishaji ya Random House. Kiti cha nne kilibadilisha watu: Hal Block, kisha Steve Allen, kisha Fred Allen hadi alipofariki mwaka 1956, na baadaye mgeni tofauti kila wiki. Walivaa kama watu wa karamu ya harusi: wanaume kwa tai za kipepeo, wanawake kwa magauni marefu. Fundi bomba aliyekuja kwenye kipindi hiki alisimamiwa, akapewa mkono na kuitwa Bwana na watu waliovalia hivyo.

3. Ni kweli zawadi ilikuwa dola 50 tu?

Kweli. Kila hapana ilikuwa dola 5, na kikomo ni kumi. Daly akigeuza kadi ya kwanza alizoea kutangaza kwamba moja imeanguka, bado tisa. Mara nyingi, muda ukiisha au mgeni akimpendeza, alizigeuza kadi zote mgeni aondoke na dola 50 kamili. Hakuna aliyekwenda pale kutajirika. Udogo huo wa zawadi ulikuja kukiokoa kipindi (tazama swali la 14).

4. Kwa nini kila mtu anataja sanduku la mkate?

Steve Allen, akijaribu kupata ukubwa wa bidhaa ya mgeni, aliuliza kama inazidi sanduku la kuhifadhia mkate. Ilikuwa mwaka 1953. Sanduku lile lilikuwa jikoni kwa kila Mmarekani, kwa hiyo kipimo kilieleweka papo hapo, na wenzake wakalichukua swali likawa la kila wiki. Sisi tungeuliza kama kitu chenyewe kinaenea kwenye kikapu cha sokoni.

## Wageni na kazi zao

5. Mgeni wa kwanza kabisa alifanya kazi gani?

Alikuwa binti aliyepokea na kutunza kofia na makoti ya wateja kwenye Stork Club, klabu ya matajiri ya New York. Usiku huo huo mgeni mashuhuri wa kwanza alikuwa Phil Rizzuto, mchezaji wa besiboli wa Yankees. Mtunza makoti na nyota wa besiboli waliandika majina yao kwenye ubao mmoja. Utaratibu huo haukubadilika kwa miaka kumi na saba.

6. Kwa nini wanajopo werevu hivyo walishindwa na kazi rahisi?

Kwa sababu tunamtazama mtu, tunaamua kazi yake kabla hajafungua mdomo. Watayarishaji walilijua hilo vizuri. Walitafuta mtu ambaye sura, mavazi na mwendo wake vinampeleka mbashiri njia moja, na kazi yake iko njia nyingine. Mama mwenye haya anayefanya kazi ya nguvu. Bwana mnene mwenye kidevu cha hakimu anayeuza nguo za ndani za wanawake. Katika siku za mwanzo wageni walipitishwa mbele ya jopo wakaguliwe kwa karibu, hata viganja, na bado jopo lilipotea.

Kuna sababu ya pili, ya kihesabu. Hapana ni kumi, lakini ndiyo hazina idadi. Mwanajopo mzuri haulizi kama mgeni ni daktari wa mifugo. Anaanza mbali: kuna kiumbe hai katika kazi yako? Ni binadamu? Kila swali linakata dunia vipande viwili. Wakongwe walikuwa na ujanja mwingine: kuuliza kwa kukanusha. Badala ya kuuliza kama kinaliwa, uliza kama ni kitu *kisicholiwa*. Ukishuku hakiliwi unavuna ndiyo na zamu inabaki kwako. Kilgallen alikuwa hodari kuliko wote. Alicheza kama mwendesha mashtaka, na kukosa kulimuuma kweli. Ninampenda kwa hilo, kwa sababu kuichukulia kazi ya mtu kwa uzito kiasi hicho ni namna ya kumheshimu.

7. Watu walikuwa wanacheka nini wakati swali lenyewe ni la kawaida?

Wao wanajua kazi, jopo halijui. Mwanajopo akimuuliza muuza magodoro kama wateja wake huitumia huduma yake wakiwa wawili wawili, yeye anauliza kwa nia safi, ukumbi unaanguka kwa kicheko. Vicheko vingi vya kipindi vimetoka humo. Mtazamaji mpya asome kwanza maandishi ya kazi kwenye kioo. Akiyakosa, hataelewa kitu.

8. Je, ni kweli yule mzee wa kuku wa kukaanga alikuja na jopo halikumtambua?

Ndiyo. Harland Sanders, Kanali Sanders wa Kentucky, alikuja mwaka 1963 kama mgeni wa kawaida, na suti yake nyeupe na ndevu zake. Leo sura yake iko ukutani mwa migahawa Nairobi na Dar es Salaam, lakini wakati ule wanajopo walimhoji kama mfanyabiashara yeyote. Hii ni moja ya sababu za kuvitazama vipindi hivi: unakutana na watu kabla dunia haijawajua.

9. Mgeni wa siri ni nani, na kwa nini walifungwa macho?

Katika kila kipindi kulikuwa na mgeni mmoja ambaye uso wake unajulikana. Wanajopo walijifunga vitambaa machoni, na mgeni akabadilisha sauti: wengine kwa kukoroma, wengine kwa sauti ya mtoto. Walipita Eleanor Roosevelt (1953), Frank Lloyd Wright msanifu wa majengo (1956), na Louis Armstrong, ambaye ile sauti yake ya kukwaruza haikuwa rahisi kuificha.

Anayekumbukwa kuliko wote ni mchoraji Salvador Dalí, Januari 1957. Kila aliloulizwa alijibu ndiyo. Je, yeye ni mtumbuizaji? Ndiyo. Anaandika? Ndiyo. Ana uhusiano na michezo? Ndiyo. Daly alilazimika kuingilia kati mara kwa mara, na jopo likalalamika kwamba hakuna kitu mtu huyu asichofanya. Naamini Dalí hakuwa anatania. Alijibu kama alivyojiona.

10. Uingereza nao walikuwa na kipindi chao?

Walikuwa nacho BBC, kuanzia Julai 1951 hadi 1963, kikiendeshwa na Eamonn Andrews, na jopo la akina Gilbert Harding, Isobel Barnett, Barbara Kelly na David Nixon. Tofauti kubwa ni kwamba mgeni alianza kwa kuonyesha kwa vitendo kipande kimoja cha kazi yake, bila kusema neno. Harding alijulikana kwa hasira. Mgeni akijibu kwa kuzungukazunguka alimkemea hewani, na magazeti yakapata cha kuandika.

Kazi iliyoingia katika kumbukumbu za Waingereza ilitoka kwenye viwanda vya vyombo vya udongo vya Stoke-on-Trent. Kule, vyombo vilivyosubiri kuchomwa vilipangwa ndani ya masanduku ya udongo mgumu ili moto na masizi ya tanuri visiviguse. Aliyetengeneza masanduku hayo alikuwa na msaidizi, mara nyingi kijana, ambaye kazi yake ilikuwa kuugonga udongo kwa nyundo nzito ya mbao ndani ya fremu ya chuma, apate kitako cha sanduku. Cheo chake kwa Kiswahili kingekuwa *mgonga-vitako wa mtengeneza masanduku ya tanuri*, na kwa Kiingereza kinachekesha vivyo hivyo. Jopo liligonga mwamba. Ukicheka, kumbuka pia kwamba bila kijana huyo hakuna sahani ya Kiingereza iliyotoka tanurini ikiwa safi.

## Siri, vipaji na mambo ya kujifurahisha

11. I've Got a Secret kinatofautianaje na What's My Line?

Ndugu wa baba mmoja: vyote vilitoka kwa watayarishaji Mark Goodson na Bill Todman, vyote vya CBS. I've Got a Secret kilianza Juni 1952 na kufungwa 1967, kikiendeshwa na Garry Moore hadi 1964 na Steve Allen baada yake. Hapa mgeni haleti kazi, analeta siri. Ndiyo maana watu wenye vipaji vya ajabu, wavumbuzi na mashahidi wa historia walikwenda huku. Zawadi ya juu ilikuwa dola 80. Mdhamini kwa miaka mingi alikuwa sigara za Winston, kwa hiyo usishangae moshi.

12. Siri gani zinafaa kutazamwa kwanza?

Ningeanza na ya mzee Samuel Seymour, tarehe 9 Februari 1956. Alikuwa na miaka 95. Akiwa mtoto wa miaka mitano alipelekwa Ford's Theatre mjini Washington, tarehe 14 Aprili 1865, usiku aliopigwa risasi Rais Lincoln. Alikuwa shahidi wa mwisho aliyekuwa hai. Alipofika New York alianguka hotelini, jicho likavimba. Watu wa kipindi walimwambia si lazima, yeye akataka kuja. Unamwona amekaa, uso umevimba, anajibu taratibu. Alichokumbuka zaidi, kama mtoto, ni yule mtu aliyeanguka kutoka juu. Alimhurumia, hakujua kwamba huyo ndiye muuaji. Jopo liliipata siri. Kwa kuwa alivuta kiko, alipewa mkebe wa tumbaku ya kiko badala ya sigara. Alifariki tarehe 12 Aprili mwaka huo huo. Televisheni, kitu kipya kabisa, ilimkuta mtu aliyemwona Lincoln. Nimeitazama mara nyingi na bado inanigusa.

Ya pili ni ya Julai 1957: Philo Farnsworth, aliyetambulishwa kama Daktari X. Siri yake ilikuwa kwamba alivumbua televisheni ya kielektroniki akiwa na miaka 14. Wazo lilimjia akiwa mvulana shambani Idaho, akitazama mistari ya jembe: picha nayo ingeweza kusomwa mstari kwa mstari. Mwaka 1927 huko San Francisco akairusha picha yake ya kwanza. Sasa yuko mbele ya kamera za uvumbuzi wake mwenyewe, na hakuna mwanajopo anayemjua. Aliondoka na dola 80 na katoni ya Winston.

Ya tatu: Septemba 1962, mume na mke kutoka Ohio. Siri yao ni kwamba siku hiyo mtoto wao ametangazwa kuwa mwanaanga. Moore akamuuliza mama angejisikiaje kama mwanawe angekuwa mtu wa kwanza kutua mwezini. Mtoto huyo aliitwa Neil Armstrong.

13. Na yule mtu wa beseni la kuogea?

Huyo ni John Cage, mtunzi wa muziki, kwenye I've Got a Secret mwaka 1960. Alikuja na beseni la kuogea, birika, mashine ya kusagia, vipande vya barafu, bata wa mpira, chombo cha kumwagilia maua, piano na redio tano, na akavipiga vyote kwa kufuata saa mkononi. Mchezo wa kubashiri uliwekwa kando ili apate muda. Redio zilizua mgogoro wa vyama vya wafanyakazi kuhusu nani mwenye haki ya kuzichomeka umeme, kwa hiyo Cage alizipiga makofi badala ya kuziwasha, na kuzisukuma chini badala ya kuzizima. Moore alimwonya mapema kwamba watu watacheka. Akajibu kwa upole kwamba kicheko ni bora kuliko machozi. Walicheka, naye hakukosea sekunde.

## Maswali magumu

14. Je, matokeo yalipangwa kama kwenye vipindi vingine vya wakati ule?

Mwaka 1958 ilifichuka kwamba vipindi vya maswali vyenye zawadi kubwa vilikuwa vikiwapa majibu washiriki waliopendwa, na mwaka 1960 Marekani ikatunga sheria ya kulifanya hilo kosa. What's My Line? kilipita salama. Kwa dola 50 nani angehangaika kudanganya? Hata hivyo, kabla ya kashfa hiyo watayarishaji walikuwa na tabia ya kumdokezea mwanajopo mchekeshaji mkondo wa maswali utakaoleta vicheko, bila kumwambia kazi yenyewe. Tabia hiyo ikakoma. Mimi naiona doa, ingawa dogo.

15. Mwanajopo akimfahamu mgeni, inakuwaje?

Anasema, na anajitoa katika raundi hiyo. Ilitokea mara kadhaa. Katika mchezo unaoendeshwa na watu wa mji mmoja wanaokula migahawa ile ile, uaminifu huo ndio uliousimamisha.

16. Nini kilimpata Louis Untermeyer, mshairi wa jopo la kwanza?

Aliondolewa mwaka 1951. Zama hizo mtu akishukiwa kuwapenda Wakomunisti alifungiwa milango ya redio na televisheni bila kushtakiwa popote. Wapinzani walimwandama mdhamini, na kiti chake kikaenda kwa Bennett Cerf. Kipindi kilichojifunza kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu kilishindwa kufanya hivyo kwa mtu wake wa ndani.

17. Kwa nini Dorothy Kilgallen anatoweka ghafla?

Alikuwa kwenye kipindi Jumapili ya tarehe 7 Novemba 1965, na kesho yake akakutwa amefariki nyumbani kwake New York. Mengi yamesemwa kuhusu kifo chake na sitayaongeza hapa. Kipindi kiliendelea miaka miwili zaidi. Siku ya mwisho kabisa, mgeni wa siri alikuwa Daly mwenyewe.

18. Mbona wageni wanawake wanapigiwa miluzi?

Ni kweli, na inaudhi. Binti akiingia, ukumbi unapiga miluzi, kisha Daly anamuuliza kama ameolewa ili ajue amwiteje. Mzaha mwingi ulitegemea wazo kwamba mwanamke hawezi kuwa na kazi fulani. Lakini tazama kinachofuata: ukweli unatangazwa, binti anaeleza kazi yake, na mamilioni ya watu wamemwona mwanamke anayeifanya. Wengi wao walionekana kufurahia sana hapana ile ya kumi.

19. Vipindi vyenyewe vilihifadhiwaje?

Vilirushwa moja kwa moja, na nakala zilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Ndiyo maana picha ina ukungu. Vingi vya miaka miwili ya mwanzo viliharibiwa. Kuanzia 1952 watayarishaji walianza kuhakikisha vinawekwa, na sehemu kubwa ipo.

20. Tunaweza kuucheza nyumbani kwa Kiswahili?

Mnaweza, na Kiswahili kinaufanya mchezo uwe mtamu zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, *yeye* haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo hata mgeni wa siri anafichika vizuri. Pili, jihadharini na ngeli! Mwendesha mchezo akijibu "ndiyo, *unaliwa*", mwerevu ameshajua ni mkate au muhogo, si chapati. Wekeni sharti kwamba kila kitu kitaitwa *kitu* mpaka mwisho: kinaliwa, kinavaliwa, kinauzwa.

Kadi kumi za karatasi zinatosha, na kila hapana moja ni shilingi mtakayokubaliana. Msiwaalike ndugu ambao kazi zao mnazijua. Muiteni mkwezi wa minazi, fundi wa kukalafati majahazi, mnoa visu anayepita na baiskeli, yule mama anayeanika dagaa. Muandikishe jina lake ubaoni kwanza, na mumpe kiti kizuri.